Kupanga Wimbo wa Ibada kwa Ala Peke Yake: Mwongozo Kamili

Kosa ni lilelile kila mara. Mtu anafungua kitabu cha nyimbo, anachukua sauti nne kama zilivyochapwa na kuzigawa: soprano kwa fidla, alto kwa klarineti, tena kwa tromboni, besi kwa gitaa la besi. Kikundi kinapiga beti tano mfululizo. Hakuna nota iliyokosewa, lakini ukifika ubeti wa tatu watu wameshaanza kupekua Biblia zao wakitafuta somo linalofuata.

Tatizo si wachezaji. Maneno yametolewa na hakuna kilichowekwa mahali pake. Kwaya ikirudia tuni moja mara tano, maneno ndiyo yanayosogea mbele: yanaonyesha mstari unapoanzia, unapopumua, neno lipi ni zito, na ubeti huu unatofautiana vipi na uliopita. Ala hazina maneno, kwa hiyo kazi hiyo yote inakuangukia wewe unayepanga. Kila hatua hapa chini ina lengo hilo.

Mfano nitakaoutumia ni Old Hundredth, tuni ya Zaburi ya 100, iliyochapwa Geneva mwaka 1551 na ambayo makanisa mengi huiimbia doksolojia, ubeti mfupi wa kumsifu Mungu. Ni fupi na mistari yake minne ina nota nane nane. Kwa sol-fa (d ni do, r ni re, na kadhalika; herufi yenye ₁ ni ya oktava ya chini):

Mstari wa 1: d d t₁ l₁ s₁ d r m
Mstari wa 2: m m m r d f m r
Mstari wa 3: d r m r d l₁ t₁ d
Mstari wa 4: s m d r f m r d

## Mahitaji

- Kitabu chenye nota (sol-fa au mistari mitano, vyote sawa) na beti zote za wimbo, hata zile zisizoimbwa siku hizi.
- Orodha ya wachezaji ulio nao kweli. Kwa kila mmoja, andika nota ya chini na ya juu anayoipiga bila kukaza misuli. Muulize mwenyewe. Vitabu vinakueleza uwezo wa ala, havikuelezi uwezo wa mtu.
- Kinanda au gitaa la kujaribia kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja.
- Programu ya kuandika nota. MuseScore ni ya bure na inatosha kabisa. Karatasi ya nota nayo inatosha, ila utatumia muda mwingi zaidi kuandika nakala za wachezaji.
- Metronomu, na simu ya kurekodia mazoezi.
- Penseli. Kalamu ya wino iache nyumbani.

## Hatua ya 1: Chagua wimbo unaosimama bila maneno

Ghuna tuni yote huku mdomo umefungwa. Ikiwa bado unasikia mahali inapopanda, inapofika kileleni na inapotua, wimbo huo unafaa. Ikiwa unasikia nota moja ikigongwa mara sita kabla ya kusogea, jihadhari. Nyimbo nyingi za injili za karne ya 19 zimejengwa namna hiyo, kwa kuwa maneno ndiyo yaliyobeba mstari. Ukiyaondoa, inabaki midundo tu.

Old Hundredth inafaulu mtihani huu. Nota yake ya chini kabisa, s₁, iko katikati ya mstari wa 1. Ya juu kabisa, s, inafungua mstari wa 4, tena kwa kuruka kutoka d iliyofunga mstari wa 3. Tuni nzima inakaa ndani ya oktava moja na kilele chake kinajulikana kilipo. Ukishajua kilele kilipo, umeshajua nguvu zako utazitunzia mahali gani.

Nyimbo zenye sauti tano tu, zisizo na fa wala ti, ni rahisi kuliko zote kwa anayeanza. Amazing Grace ni mojawapo. Unaweza kushikilia d na s chini yake kutoka mwanzo hadi mwisho bila kubadili kodi hata mara moja na isichukize sikio.

Onyo la hakimiliki. Maneno, tuni, tafsiri na mpangilio wa sauti vinaweza kuwa mali ya watu wanne tofauti. How Great Thou Art ni mfano mzuri: shairi la Kiswidi la Carl Boberg ni la mwaka 1885, lakini maneno ya Kiingereza ni ya Stuart Hine, aliyefariki mwaka 1989, na yangali na mwenyewe. Chini ya Mkataba wa Berne, kazi hulindwa angalau miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Kwa hiyo tuni ya kale ni salama, lakini mpangilio uliochapwa juzi na mtu mwingine si wako kuunakili. Anza na tuni na besi, ya katikati yatunge mwenyewe.

## Hatua ya 2: Andika maneno chini ya tuni

Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Nakili tuni kwenye karatasi, kisha andika maneno ya ubeti wa kwanza chini yake, silabi kwa nota. Fanya mambo matatu:

1. Weka alama ya pumzi kila mahali mwimbaji angepumua. Mpiga fidla haishiwi pumzi, lakini lazima anyanyue upinde palepale. Asipofanya hivyo mistari minne inageuka kuwa mstari mmoja mrefu usio na maana.
2. Pigia mstari neno zito la kila mstari. Nota yake ndiyo inayoegemewa, hata kama haiko kwenye pigo la kwanza la kipimo.
3. Amua mwisho wa kila mstari unashikwa mapigo mangapi.

Hilo la tatu linavunja mazoezi mengi. Vitabu vya zamani huweka alama ya kusitisha juu ya nota ya mwisho ya kila mstari. Kwaya humtazama kiongozi na kujua wakati wa kuendelea. Kikundi cha ala kila mtu ametazama karatasi yake: mmoja anashika mapigo mawili, mwingine matatu, na mstari wa pili unaanza mara mbili. Futa alama hizo na uandike urefu halisi. Kwa Old Hundredth, nota ya kwanza na ya mwisho ya kila mstari napenda zichukue mapigo mawili na zilizo katikati pigo moja moja. Hiyo ni mapigo 10 kwa mstari, 40 kwa ubeti.

Kisha soma beti nyingine zote. Uliza kila ubeti unasema nini: unaita watu, unaungama, unaomboleza, unashangilia? Andika neno moja pembeni mwa kila ubeti. Maneno hayo utayahitaji kwenye hatua ya 4.

Mpe mtu tuni hiyo yenye alama zako aipige peke yake, nawe ufuatishe maneno moyoni. Yakikaa bila kusukumana, endelea.

## Hatua ya 3: Chagua ufunguo kwa ajili ya ala

Ufunguo wa kitabuni ulichaguliwa kwa ajili ya koo za watu. Ala zina matakwa yake.

Fidla, selo na gitaa zinapenda G, D na A, kwa sababu nyuzi zake zilizo wazi ziko humo. Tarumbeta, klarineti na saksofoni zinapenda B flati, E flati na F. Ukichanganya familia hizo mbili, F na G ndizo zinazowapatanisha.

Sasa kuna jambo la kuhamisha nota. Tarumbeta na klarineti za B flati hutoa sauti iliyo toni moja chini ya nota iliyoandikwa, kwa hiyo unawaandikia toni moja juu. Saksofoni ya alto hutoa sauti iliyo sita kubwa (umbali wa d hadi l) chini, nayo unaiandikia sita kubwa juu. Pembe ya F huandikiwa tano juu. Saksofoni ya tena huandikiwa oktava na toni moja juu. Kwa hiyo:

- Wimbo ukiwa F: tarumbeta na klarineti wanasoma G, saksofoni ya alto inasoma D, pembe inasoma C.
- Wimbo ukiwa G: tarumbeta na klarineti wanasoma A, saksofoni ya alto inasoma E, pembe inasoma D.
- Wimbo ukiwa E flati: tarumbeta na klarineti wanasoma F, saksofoni ya alto inasoma C, pembe inasoma B flati.

Mpiga gitaa akikabidhiwa E flati, aweke kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye kitengo cha tatu apige maumbo ya C. Akikabidhiwa F, kapo ibaki hapohapo apige maumbo ya D.

Kisha pima tuni juu ya kila ala itakayoibeba. Old Hundredth kwenye G, nota yake ya chini ni D iliyo juu kidogo ya C ya katikati na ya juu ni D ya oktava inayofuata. Fidla inaipiga vizuri. Fluti inaipiga, lakini huo ndio upande wake dhaifu, hasikiki mtu akipiga chochote pembeni yake: ipandishe oktava. Klarineti ndiyo yenye habari nzuri. Ukiishusha tuni oktava moja, ile s₁ inaangukia E ya chini iliyoandikwa, na hiyo ndiyo nota ya mwisho kabisa klarineti iliyo nayo. Tuni yote inakaa kwenye sauti yake nene ya chini bila kuvuka lile daraja la katikati linalowatesa wanaojifunza. Ukiichukua F, nota hiyo inakuwa D, na klarineti haina D hiyo. Toni moja tu imefunga mlango mzima. Ndiyo maana ufunguo huchaguliwa mapema.

## Hatua ya 4: Beti ngapi, na kila mmoja wa nini

Tatu. Nne ukiwa na sababu. Kwaya inaweza kuimba sita kwa kuwa kila mmoja una habari mpya. Ala zikipiga sita, utakuwa umepanga muziki wa kusubiria.

Kwa mwendo wa mapigo 76 kwa dakika, ubeti wa Old Hundredth unachukua zaidi kidogo ya nusu dakika. Beti tatu, utangulizi na kiunganishi kifupi kati ya beti vinafika kama dakika mbili. Kwa sadaka au matayarisho ya sala, hiyo inatosha. Watu wakiwa bado njiani kwenda mbele, rudia ubeti wa pili, usiburute mwendo.

Rudi kwenye maneno uliyoandika pembeni mwa beti, uchague matatu yenye safari. Kwa mfano:

- Ubeti wa 1, mwaliko: ala moja inabeba tuni, chini yake nota moja ndefu tu.
- Ubeti wa 2, tafakari: tuni inashuka chini, kwa klarineti au selo. Kodi zinabadilika zaidi, sauti inakuwa ndogo.
- Ubeti wa 3, sifa: wote, tuni ikiwa juu, besi ikitembea.

Usianze na wote. Ukishatoa kila ulicho nacho kwenye mstari wa kwanza, hakuna pa kwenda tena. Wala usiongeze ala moja moja kila ubeti kama anayepanda ngazi. Msikilizaji anaugundua mpango huo mapema na kuacha kusikiliza. Ubeti wa pili ulio mdogo kuliko wa kwanza ndio unaoupa wa tatu uzito.

## Hatua ya 5: Punguza kodi

Kitabu cha sauti nne hubadili kodi karibu kila pigo. Kwaya inaweza, maana kila sauti inasogea hatua moja ndogo. Mpiga gitaa hawezi, na mpiga piano akiweza inasikika kama anayegonga mlango.

Mfano wetu tuuweke ufunguo wa G, ambapo d ni G na s ni D. Kwenye ubeti wa 1 jaribu hivi: shikilia G peke yake kwenye besi mstari wote wa kwanza. Tuni itashuka hadi s₁ na kurudi juu, besi haitikisiki. Baadhi ya nota zitakwaruzana nayo kidogo, na mkwaruzo huo ndio uzuri wenyewe. Mstari wa 2 acha G iendelee hadi ufikie nota mbili za mwisho, halafu ingia D kwenye r ya kufungia. Badiliko hilo moja litasikika kama tukio, kwa sababu umelisubirisha.

Kwenye ubeti wa 2 fanya kinyume. Hapa ndipo E maina na C zinapopata nafasi. Mstari wa 3, kwa mfano: G, D, G, D, E maina, C, D, G. Kodi ni nane kwa nota nane, lakini ala zinazozipiga ni mbili au tatu tu, taratibu.

Pambo moja linafaa karibu kila wimbo wa aina hii. Kwenye r iliyo nota ya pili kutoka mwisho wa ubeti, juu ya kodi ya D, ala ya katikati ishikilie d nusu ya pigo, kisha ishuke t₁ ndipo wote watue. Sikio linasikia deni likilipwa. Litumie mara moja kwa ubeti. Kila mstari ukiwa nalo linachosha.

Onyo: kodi za jazi zenye tisa na kumi na tatu ni tamu ukiwa peke yako kwenye kinanda usiku. Ukizimwagia tuni ya mwaka 1551 kila pigo, tuni inazama. Jaribio langu ni rahisi: mtu aliyeimba wimbo huu tangu utotoni akisikiliza mstari wa kwanza, ataweza kuimba pamoja nawe? Akisita, rudisha kodi nyuma.

## Hatua ya 6: Andika besi kabla ya vya katikati

Tuni na besi ndivyo vinavyosikika zaidi. Viandike vikae sawa vikiwa viwili tu, kisha ujaze katikati.

Besi isogee kinyume cha tuni pale inapowezekana: tuni ikipanda, yenyewe ishuke. Kwenye mstari wa 4 tuni inaruka juu hadi s. Besi ikiwa chini kabisa wakati huo, nafasi kati yao inafunguka ghafla na kilele kinasikika kikubwa bila mtu yeyote kuongeza nguvu.

Usirundike nota kule chini. Chini ya C iliyo oktava moja chini ya C ya katikati, weka oktava na tano tu. Tatu ikiwekwa huko inavuma, na kadiri jengo lenu linavyorudisha mwangwi ndivyo inavyozidi. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ndio mkosaji mkuu. Kama kuna gitaa la besi au selo, mwandikie apande juu, au mkono huo upumzike kabisa.

## Hatua ya 7: Gawa tuni, kisha jaza

Ala mbili zikipiga tuni moja kwa kimo kimoja hazitoi sauti mara mbili ya nguvu. Fidla mbili zisizo sawa sana hutoa mtetemo wa kuudhi, kuliko hata moja peke yake. Tatu ni afadhali, kwa kuwa tofauti zao zinamezana. Kama una mbili, tenganisha kwa oktava, au moja ipige tuni na nyingine sauti ya pili.

Kuchanganya ala zisizofanana ni bora zaidi. Fluti oktava moja juu ya klarineti inatoa rangi ambayo hakuna ala moja inayoweza kuitoa.

Tarumbeta haijui kunong'ona ikiwa juu. Usimwandikie nota za juu na kisha kumwambia apunguze. Mwandikie katikati, au mnyamazishe hadi ubeti wa 3. Mchezaji kukaa kimya ubeti mzima si kumdharau, na akija kuingia kwenye ile s ya mstari wa 4 kila mtu atajua amefika.

Piano na gitaa nota zake hufa zikishapigwa, hivyo nota ndefu za wimbo wa taratibu zinaacha mashimo. Zivunje kodi katika nota ndogo zinazotiririka, au zirudie. Kinanda chenye sauti ya ogani kinashika, nacho tatizo lake ni kinyume chake: usiponyanyua vidole kwenye pumzi ulizoziweka hatua ya 2, unafunika mistari yote.

## Hatua ya 8: Melodi ya pili

Kanuni ni hii: tuni ikitembea, melodi ya pili itulie, tuni ikitulia, yenyewe itembee. Nota ndefu mwishoni mwa mistari ndiyo milango yake.

Mwisho wa mstari wa 1 tuni inashika m kwa mapigo mawili juu ya kodi ya G. Mpe selo s f m r, nusu pigo kila nota, atue kwenye d mstari wa 2 unapoanza. Mwisho wa mstari wa 2 tuni inashika r juu ya kodi ya D. Selo ishike s₁ pigo moja, kisha l₁ t₁ kwa nusu pigo kila moja, itue kwenye d. Umemvusha msikilizaji kutoka mstari hadi mstari mara mbili bila kugusa tuni.

Mwisho wa mstari wa 3, usiandike kitu. Acha d hiyo ikae peke yake. Kinachofuata ni kilele, na ukijaza kila pengo kilele kinaingia kwenye chumba kilichojaa.

Rekodi melodi ya pili ikipigwa peke yake. Ikisikika kama mazoezi ya vidole, punguza nota. Ikisikika kama wimbo ambao mtu angeweza kuughuna, umepata.

## Hatua ya 9: Utangulizi, kupandisha ufunguo, mwisho

Utangulizi wa haraka na salama ni mstari wa mwisho wa wimbo. Unatambulisha tuni, ufunguo na mwendo kwa pamoja. Kama wimbo unaanza kabla ya pigo la kwanza, kama Amazing Grace yenye mapigo matatu, utangulizi uishie kwenye pigo la pili ili tuni iingie kwenye la tatu. Usipohesabu hivyo, wimbo utaanza na pigo la ziada na kila mtu atamtazama mwenzake.

Kupandisha ufunguo kabla ya ubeti wa mwisho kumezoeleka mno, nami naona nyimbo nyingi hazikuhitaji. Ukiamua kufanya, pitia kodi ya saba ya tano ya ufunguo mpya: kutoka F kwenda G, pitia D7 na uishike mapigo mawili au manne ili sikio lisadiki.

Lakini fanya hesabu kwanza. Ukipanda kutoka G kwenda A, tarumbeta anajikuta anasoma B yenye shapu tano, na saksofoni ya alto F shapu yenye shapu sita. Hapo ndipo ubeti wa ushindi unapogeuka kuwa mateso. F kwenda G, au E flati kwenda F kupitia C7, kila mtu anabaki hai. Na ukiwa na klarineti uliyempa tuni ya chini kwenye ubeti wa 2, kumbuka ufunguo wa F hauna nafasi hiyo. Kwa mfano wetu nimebaki G mwanzo hadi mwisho, nikaacha ala zifanye kazi ya kupandisha.

Mwisho usiwe mrefu. Shikilia kodi ya mwisho mapigo manne, andika wazi pigo ambalo wote wanaachia.

## Hatua ya 10: Nakala za wachezaji

Kila mchezaji apate nakala yake, ikiwa na ufunguo wake uliokwisha kuhamishwa. Kwenye MuseScore kuna kitufe cha kuonyesha sauti halisi. Kizime kabla ya kuchapa, ama sivyo tarumbeta atapata nota za piano na mtakuwa toni moja mbali tangu pigo la kwanza.

Weka namba za vipimo. Weka herufi A, B, C mwanzoni mwa kila ubeti. Kwa anayenyamaza vipimo vingi, andika nota chache za mwenzake kabla hajaingia, ndogo ndogo, ili asitegemee kuhesabu tu. Andika pumzi za hatua ya 2 kwenye nakala zote, hata za nyuzi. Na maneno ya mstari wa kwanza wa kila ubeti yaandike juu ya nota. Mpiga tromboni anayejua anapiga ubeti wa toba hapigi kama aliyeambiwa "polepole".

## Hatua ya 11: Mazoezi ya kwanza

Kinanda hakibadiliki, hivyo wote watune kwake. Wapulizaji wapige dakika kadhaa kwanza, kwa kuwa ala zao zikipata joto sauti hupanda. Ukitune zikiwa baridi, utatune tena.

Anza na tuni na besi pekee, ubeti wa 3, mwendo kamili. Vikisimama, ongeza wa katikati. Visiposimama, kosa liko kwenye karatasi yako, usiwachoshe watu kwa kurudia.

Weka simu ikirekodi kwenye kiti cha nyuma kabisa, si karibu na wachezaji. Sikiliza mara moja huku ukifuata maneno. Zingatia haya tu:

- Kuna mstari ambao tuni imepotea? Usiwaambie wenye tuni wapige kwa nguvu. Toa nota kwa wanaowafunika.
- Kuna chini panapovuma? Rudi hatua ya 6.
- Mistari inagongana mwishoni? Mtu bado anasoma alama ya kusitisha kutoka kumbukumbu za kwaya. Hesabuni mapigo kwa sauti mara moja bila ala.
- Ubeti wa 2 unachosha? Mara nyingi ni mwendo umeshuka, wala si mpangilio. Angalia metronomu kabla hujaandika upya.

Mabadiliko yote yaandike kwa penseli kwenye nakala zao palepale, wakiwa bado wameketi. Ukisema utayarekebisha nyumbani kwenye kompyuta, wiki ijayo nusu yao watakuja na karatasi ya zamani.